Kidole cha Zakaris wa Lon

Siku watu wa televisheni walipofika Skorvík, upepo ulikuwa umelala, na uongo wote ulianzia hapo.

Skorvík ni kijiji cha Visiwa vya Faroe ambako mtu asipoibana vizuri shuka yake kambani huenda akaifuata kwa jirani wa ng'ambo ya ghuba. Lakini juma lile la Juni bahari ilitulia kama maziwa ndani ya bakuli, moshi ukapanda wima, na wageni kutoka Kopenhageni wakatembea huku na huku na makoti mabegani wakisema, "Kumbe kwenu ni pazuri hivi!" Oluffa wa Lon aliwatazama kupitia dirisha la jikoni akajisemea, "Subirini." Hawakusubiri. Walipiga picha zao wakapanda feri kabla upepo haujaamka.

Walichofuata ni mechi. Zaidi ya miaka hamsini nyuma, timu ya Skorvík, kijiji ambacho ukiondoa wazee na watoto hupati hata wachezaji wa akiba, iliifunga timu kubwa ya mji mkuu bao moja kwa bila, kwenye uwanja wake wa kokoto ulio ukingoni mwa bahari, ikatwaa ubingwa wa visiwa vyote. Haikuwahi kuutwaa kabla, na haijautwaa tena. Watu wengine wangeshangilia, wakalala, wakaamka na kurudi kazini. Skorvík haijaamka mpaka leo. Mtoto aliyezaliwa miaka ishirini baada ya mechi atakuambia refa alivaa soksi za rangi gani, ila ukimuuliza saba mara nane anatazama dari. Oluffa alijua, kwa kuwa alikuwa mwalimu wake.

Basi iliposikika kwamba kampuni ya televisheni inatengeneza filamu ya kukumbuka ushindi ule, na kwamba Denmaki nzima itaiona, kijiji kilishikwa na homa. Herborg, mwenyekiti wa klabu, aliupaka rangi ukumbi wa kijiji upande mmoja tu, ule unaoonekana kutoka barabarani. Wanaume ambao siku ya mechi walikuwa vitandani na mafua walianza kukumbuka kwamba walikuwa benchi. Na Ludvík wa Gerði akanunua meno mapya.

Ludvík ndiye aliyefunga bao. Alipiga mpira mmoja maishani mwake, na mpira ule ulimlisha kuliko mashua yake. Hapakuwa na ubatizo, harusi wala mazishi ambapo hakuusimulia. Mwanzoni lilikuwa bao la penalti, kama lilivyokuwa kweli. Baadaye likawa bao la penalti katikati ya dhoruba. Kadiri nywele zilivyomtoka ndivyo kipa wa mji mkuu alivyozidi kurefuka, na siku moja, kwenye mazishi ya binamu yake mwenyewe, Ludvík alisimulia kwa kirefu mpaka mchungaji akalazimika kumkumbusha kwamba marehemu naye anangojea zamu yake. Wahenga walisema kila mwamba ngoma huvutia kwake. Ludvík alikuwa amevuta mpaka ngozi imebaki yote upande wake.

Oluffa hakuwa mzaliwa wa Skorvík. Alikuja akiwa msichana wa miaka ishirini na miwili, binti wa mwalimu, mwenye cheti cha chuo cha ualimu na koti moja zuri, mwaka ule ule wa mechi. Kijiji kilimwona ana maringo. Naye alikiona kijiji kina ukurutu wa kujisifu, na katika miaka yote iliyofuata hakuna upande ulioona sababu ya kubadili mawazo. Hata hivyo alifundisha vizazi viwili kusoma, wakiwemo watoto wa Ludvík, ambao yeye alisema daima kwamba hawana kosa. Na aliolewa na Zakaris wa Lon, fundi wa mashua, ambaye ndiye aliyetengeneza mabenchi ya nyumba ya ibada. Kwenye mabenchi yale hukuona msumari wala hukusikia mlio, hata Herborg akikaa.

Nyumba ya Lon haikuwa na kondoo wengi. Babu yake Zakaris ndiye aliyeanzisha pale kijijini chama cha watu wasioonja kileo, katika zama ambazo pombe haikuuzwa visiwani bali iliagizwa kwa meli kutoka Denmaki, na kila mtu gatini aliona kasha la nani limeshushwa. Kasha la Lon halikuwahi kushushwa. Siku ya harusi mama mkwe alimwita Oluffa jikoni, akamkabidhi ufunguo wa kabati, akamwambia, "Mwanangu, katika nyumba hii hatuna mali. Tuna jina. Ulitunze kama unavyotunza macho yako." Oluffa alilitunza. Hata sasa, mumewe akiwa miaka tisa kaburini na binti yao Jóhild akiwa muuguzi huko Kopenhageni, aliendelea kufagia mbele ya mlango wa Lon kila asubuhi kama mtu anayefuta vumbi kwenye jina.

Ama kuhusu penalti ile, ukweli wake kila mtu wa Skorvík anaujua. Upepo wa visiwani ukivuma sana, mpira uliowekwa kwenye alama hautulii. Unaondoka peke yake kama mbuzi asiyefungwa. Kwa hiyo mwenzi wa mpigaji hulala kifudifudi juu ya ardhi, akanyoosha mkono, akaushika mpira kwa ncha ya kidole mpaka mguu ufike. Ndiyo desturi, na refa wa kwao anairuhusu. Kazi hiyo inahitaji mtu asiyeshtuka. Siku ile upepo ulikuwa mkali, na hapakuwa na mtu aliyetaka kumshikia Ludvík, mwenye mguu wa fahali na shabaha ya fahali. Zakaris, beki wa kushoto, ndiye aliyelala. Ludvík akaja mbio akapiga mpira na kidole pamoja. Mpira uliingia. Timu nzima ikamrukia Ludvík, kijiji kikaingia uwanjani, na Zakaris akabaki pale pale, uso kwenye kokoto, mkono umefichwa chini ya tumbo.

Aliyemwendea ni mwalimu mgeni. Daktari alikuwa ng'ambo ya maji na boti haikuweza kuvuka, hivyo Oluffa alivunja rula ya shule vipande viwili akamfunga nayo kidole. Rula haikurudi shuleni, na kidole hakikurudi sawa: maisha yote kilielekea pembeni, hata watoto wakasema kinaonyesha njia ya kwenda Norwei. Zakaris alipofunua kitabu cha nyimbo ibadani, kidole hicho kilitangulia mbele ya vingine. Oluffa alikipenda kidole kile kuliko alivyowahi kumwambia mtu.

Ludvík hakuwahi kusema pole. Siku ile alikuwa amebebwa juu juu, na baadaye ilionekana amechelewa.

Wakati wa mechi mwenye duka alikuwa amepanda juu ya paa lake na kamera ndogo. Mkanda wake upo mpaka leo: hauna sauti, hauna rangi, na umepigwa kutoka mbali. Upepo hauonekani, na kidole hakionekani. Kinachoonekana ni mtu amelala chini mbele ya goli, mwingine anakuja mbio anapiga, watu wanaruka, na yule wa kwanza amelala tu.

Mtengenezaji wa filamu aliitwa Jeppe. Alikuwa kijana mpole mwenye ndevu nadhifu, na siku ya tatu ya juma lile tulivu alikuja Lon na mtu wa kamera. Oluffa alivaa bluzi yake ya kola, akaandaa kahawa na keki, akakaa wima. Jeppe alizungumza naye Kidenmaki polepole, neno baada ya neno, kama mtu anayemlisha mgonjwa.

"Ma-ma, u-na-ku-mbu-ka ni-ni?"

"Nakumbuka kila kitu," alisema Oluffa kwa Kidenmaki kilichonyooka kuliko cha mgeni wake. "Wewe uliza tu kama unavyowauliza watu wazima."

Alimweleza habari za nyumba ya Lon, za mabenchi, za uvumilivu wa Zakaris. Habari ya kidole alitaka kuileta mwishoni, ikiwa kilele. Lakini kabla hajafika Jeppe alitazama saa, akamwomba asimame dirishani atazame bahari.

"Nitazame nini huko?"

"Chochote, mama. Kama mtu anayekumbuka."

Alisimama. Alitazama kwenye ua wa jirani, ambako ndoo ilikuwa imeachwa nje tangu jana. Wakamshukuru wakaondoka, na keki haikuguswa.

Mwezi wa Oktoba walirudi. Filamu ilikuwa karibu tayari, walisema; kilichobaki ni tukio la mwisho, Ludvík akipiga tena penalti ile ile katika uzee wake. Jioni ya kuwasili kwao waliionyesha ukumbini, ili kijiji kiwe cha kwanza kuiona. Herborg alimweka Oluffa safu ya mbele.

Ilikuwa filamu ya kupendeza, hilo hakulikana. Milima, kondoo, muziki wa kinanda. Kila uso wa Skorvík ulipojitokeza ukumbi ulipiga kelele. Oluffa mwenyewe alijiona dirishani, kimya, macho mbali, na sauti ya Jeppe ikisema kwamba katika kijiji hiki wanawake bado wanaitazama bahari. "Ndoo," alisema Oluffa kwa sauti ya chini. "Nilikuwa natazama ndoo."

Kisha ukaja ule mkanda wa zamani. Mtu amelala mbele ya goli. Na Jeppe akawauliza watazamaji, kwa sauti ya kutania: nani huyu anayelala usingizi katika saa kubwa kuliko zote za kijiji chake? Ikaonekana sura ya Ludvík, amekaa barazani kwake kwenye jua la Juni. Sauti ya Jeppe ikamuuliza, "Alikuwa amelewa?" Ludvík akacheka na meno yake mapya. Hakujibu. Alikonyeza jicho. Muziki ukabadilika ukawa wa kuchekesha, mkanda ukarudishwa nyuma, Zakaris akalazwa tena na tena, mara tatu, na kila alipolazwa kinanda kilipiga pyuu.

Ukumbi ulicheka.

Walicheka watu waliokalia mabenchi yake. Walicheka watu ambao kila mmoja wao amewahi kulala chini kushika mpira, au baba yake, au kaka yake. Oluffa aligeuka akawatazama, na kicheko kikafifia safu kwa safu kuelekea nyuma, kama darasa mwalimu anapoingia. Lakini walikuwa wameshacheka.

Taa zilipowashwa alimwendea Jeppe. "Mume wangu hakuonja pombe maisha yake yote," alisema. "Hilo ulitoe."

Jeppe aliona aibu ya kweli, ila ilikuwa aibu ya mtu ambaye kazi yake imekwisha. "Mama, ni utani wa upendo. Watu watampenda sana. Ndiye mhusika bora wa filamu nzima!"

"Sikukuuliza kama watampenda."

"Lakini Mzee Ludvík alikuwepo. Ni shahidi." Akashusha mabega. "Akiniambia vingine mbele ya kamera kesho, nabadilisha. Nakuahidi. Bila hivyo sina cha kuweka mahali pake."

Nje, Herborg alimdaka mkono. "Dada Oluffa, usiku mwema. Usilichukulie hivyo."

"Wewe unajua kwa nini alilala pale."

"Nani asiyejua?"

"Na ukanyamaza."

"Ni wageni, jamani! Mgeni hasahihishwi mezani. Wamekuja mara mbili, wametuonyesha vizuri. Umeuona ukumbi ulivyotoka?"

"Nimeuona. Upande mmoja."

Hivyo ndivyo walivyo watu wa Skorvík. Mgeni akisema jua linachomoza magharibi, watamwongezea kahawa. Huo wanauita ungwana, na huenda ni ungwana kweli pale unapomgharimu yule anayenyamaza. Safari hii ulimgharimu marehemu, ambaye hakuulizwa.

Oluffa hakwenda kwake. Alipanda mpaka Gerði, nyumbani kwa Ludvík. Ludvík alikuwa jikoni, bado kavaa sweta alilovaa kwa ajili ya kamera, anakata nyama ya kondoo ya kukaushwa kwa kisu kidogo. Alipomwona alisimama haraka.

"Karibu, shemeji! Kaa. Nikukatie kipande?"

"Sikuja kula. Kesho utamwambia yule kijana kwamba Zakaris alikuwa ameshika mpira."

"Aa, shemeji nawe! Mimi nimesema nini? Nionyeshe neno nililosema."

"Hukusema neno. Hata uongo wenyewe ulikuwa mvivu kuusema, ukautuma kwa jicho."

Ludvík alicheka kidogo, akaona anacheka peke yake, akaacha. "Kijana alikuwa keshapenda hadithi yake. Ningemwambiaje? Na Zakaris mwenyewe angecheka. Unajua alivyokuwa."

"Najua alivyokuwa kuliko wewe. Angecheka, ndiyo. Alikucheka miaka arobaini, hukujua?" Alivuta pumzi. "Jóhild yuko wodini huko Kopenhageni. Wenzake wataona jina la Lon na mtu amelazwa kwa kinanda. Babu wa mume wangu aliwaondoa baba zenu kwenye chupa, wako akiwamo. Sasa sema. Utamwambia au hutamwambia?"

Ludvík alikizungusha kisu juu ya meza. Mzee wa karibu miaka themanini, na sura imemnywea kama ya mtoto aliyeulizwa swali la mtihani. "Nikisema alishika mpira," alitamka mwishowe, "ataniuliza kwa nini hakuinuka."

"Basi utamjibu."

"Shemeji, ni filamu yangu. Kitu kimoja nilichofanya maishani. Unataka watoke pale wakisema Ludvík alimvunja mwenzake kidole akakimbia kushangilia?"

"Si ndivyo ulivyofanya?"

Ludvík alirudia kukata nyama. Oluffa alimtazama, na alichokihisi hakikuwa hasira. Hasira humpa mtu uzito. Alimwona mwepesi kama ganda. Mwanamume huyu alikuwa amesimama juu ya kidole cha mwenzake tangu ujana, na akiambiwa ashuke anaogopa urefu.

"Kula nyama yako," alisema, akatoka.

Nyumbani alimpigia simu binti yake.

"Mama, achana nao," alisema Jóhild. "Hapa hakuna anayemjua baba."

"Ndiyo maana. Watamjua hivyo."

"Sasa utafanya nini?"

"Sijui. Nitavaa koti."

Na usiku ule, bila kushauriwa na mtu, upepo uliamka.

Asubuhi ulikuwa umeshakaa kijijini kama mwenye nyumba. Bahari ilikuwa nyeupe, milango ilifunguliwa kwa bega, na kofia ya mtu wa kamera ilikwenda zake kabla hajafika uwanjani. Uwanja siku hizi hauna kokoto. Una nyasi za plastiki, nzuri na laini, na juu ya plastiki mpira unateleza vizuri zaidi. Kijiji chote kilikuja, kimejipanga kando ya ukuta kwa kujikinga. Ludvík alisimama kwenye alama akiwa na jezi iliyombana tumboni. Oluffa alikaa peke yake mwisho wa ukuta, amevaa koti lake jeusi la ibada lililofungwa vifungo vyote.

Jeppe aliweka mpira kwenye alama. Mpira uliondoka. Aliufuata, akaurudisha, akaukandamiza kidogo kama mtu anayemwambia mbwa akae. Uliondoka tena, safari hii hakuuwahi. Ulipita goli, ukaruka ukuta, ukaingia baharini. Wakaleta mwingine. Mtu wa kamera alijaribu kuuegemeza kwa mawe, Ludvík akasema hatapiga mawe kwa mguu wake wa uzeeni. Wakajaribu kuubandika kwa utepe wa gundi. Utepe ukapeperuka ukamshika Jeppe ndevuni. Mpira wa pili nao ukaenda kuutafuta wa kwanza.

Kando ya ukuta hakuna aliyesema neno. Waliangalia kwa heshima kubwa, na baadhi yao walikuwa wameuma midomo.

Jeppe, macho yanamtoka machozi kwa upepo, aliwageukia. "Zamani mlifanyaje? Lazima mlifanya kitu! Siku ile pia kulikuwa na upepo, mmesema wenyewe. Mpira ulikaaje?"

Ungwana wa Skorvík ukashika kazi yake. Herborg alitazama mlima. Wengine walitazama viatu. Ludvík alikitazama chake cha kulia, kile cha kupigia, kana kwamba ndicho kilichoulizwa.

Oluffa aliinuka. Alivuka uwanja taratibu, mkono mmoja ukibana kitambaa cha kichwani, akachukua mpira wa mwisho kutoka mikononi mwa Jeppe. Aliuweka kwenye alama, akaukanyaga kwa ncha ya kiatu usiondoke. Kisha mwanamke yule, ambaye kijiji hakijawahi kumwona ameketi vibaya, alipiga goti moja, akapiga la pili, akalala kifudifudi na koti lake la ibada juu ya nyasi za plastiki, akanyoosha mkono, na kuweka kidole kimoja juu ya mpira.

Mpira ukatulia.

"Kamera inafanya kazi?" aliuliza kutoka pale chini.

"Ina... inafanya, mama," alisema mtu wa kamera.

"Vizuri. Basi waambie Denmaki kwamba mjane naye kalewa."

Jeppe alibaki amesimama. Alikitazama kidole, akautazama mpira, akamtazama mwanamke aliyelala vile vile kama mtu wa kwenye mkanda, na uso wake ukabadilika polepole kuanzia juu. "Ee Mungu," alisema. "Alikuwa anaushika."

"Mwulize shahidi wako," alisema Oluffa. "Nami sitainuka mpaka ajibu, na nyasi zenu zina baridi."

Kamera ikageuka kwa Ludvík. Alitazama kulia, akatazama kushoto. Ukutani watu wote sasa walikuwa wakimwangalia yeye, hata Herborg. Upepo ulimpandisha jezi, akaishusha.

"Zakaris hakuwa mlevi," alisema. Hakuna aliyesikia.

"Sauti, Ludvík!" alisema Oluffa. "Kwenye mazishi huwa unasikika."

"Hakuwa mlevi!" alipiga kelele mzee, akishindana na upepo. "Hakuonja hata tone! Alikuwa amenishikia mpira, hakuna mwingine aliyekubali. Na mimi nikampiga kidole. Nikakivunja. Nikakimbia kushangilia, yeye nikamwacha pale. Haya! Mmesikia?"

Walisikia. Mtu mmoja ukutani alivua kofia, au labda upepo ulimvua.

"Sasa piga," alisema Oluffa.

"Shemeji, inuka. Siwezi. Nitakuvunja."

"Wazo zuri. Limechelewa miaka hamsini. Piga, na safari hii utazame unapopiga."

Alirudi nyuma hatua chache, akaja na mbio zake za kizee, na Oluffa alikiona kiatu kinakuja mpaka alipoweza kuhesabu matundu ya kamba. Hakuondoa kidole. Katika hatua ya mwisho Ludvík alikunja mguu kando kwa hofu, akaugusa mpira kwa juu tu, kama mtu anayebisha hodi asikokaribishwa. Mpira ulijikokota kuelekea goli, upepo ukaudaka, ukaupeleka pembeni kabisa mwa nguzo na kuutupa baharini.

Jeppe alimkimbilia Oluffa na mkono wa kumwinua. Aliukataa. Alijiinua mwenyewe, kwa goti kisha kwa goti, akajipangusa punje nyeusi za raba zilizotoka kwenye nyasi zile na kujaa kwenye koti, akarudi nyumbani bila kuaga.

Filamu ilionyeshwa majira ya baridi. Kinanda cha pyuu kiliondolewa, na mahali pake ukawekwa uwanja ule wenye upepo. Jóhild alipiga simu akilia, akasema wodi nzima wamemuuliza kama kweli yule ni mama yake. Oluffa alimwambia asilie kwa simu, ni ghali. Aliitazama mara moja, akaona kwamba Jeppe bado amemwacha dirishani akiikumbuka bahari, akasema kijana huyu hafundishiki, akaifunika televisheni kwa kitambaa chake.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, Ludvík alibisha hodi Lon. Alikuwa amebeba mguu mzima wa kondoo wa kukaushwa, mzuri, wa kwake mwenyewe, na kofia ameishika mkononi.

"Shemeji," alisema. "Nimekuja kwa ajili ya kile kidole."

Oluffa aliipokea nyama, kwa sababu nyama haina kosa. Aliipima kwa mkono, akaona si haba.

"Kidole kipo makaburini," alisema, "safu ya pili kutoka lango. Nenda ukakiambie mwenyewe. Na uvae kitu kichwani, kule juu kuna upepo."

Akafunga mlango. Kisha alisimama dirishani, safari hii akitazama kitu hasa, mpaka alipomwona mzee amepita njia ya kwake bila kukata kona, na kuanza kupanda kilima.